Je, jumba la makumbusho linafaa kuwa ngome? Maswali kuhusu Urban Dead na mchezo wetu wa Dar es Salaam

Mkazi wa Upanga:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi na wenzangu tunatunga mchezo wa maandishi wa kuchezwa kwenye kivinjari, ambamo Dar es Salaam imevamiwa na mazombi na manusura wanahangaika kutafuta pa kujificha. Kanuni nyingi tumezichota kutoka Urban Dead, mchezo wa Kevan Davis wa Uingereza ulioanza Julai 2005 na kufungwa tarehe 14 Machi 2025. Tumekwama kwenye jengo moja tu, Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert. Mwenzangu anataka liwe ngome kuu kwa sababu lina kuta nene na uzio, ilhali mimi naona kwamba ngome isiyo na risasi wala dawa ni kaburi lenye tiketi mlangoni. Naomba waliocheza kwa muda mrefu watueleze majumba ya makumbusho yaliwafaa nini manusura wa Malton, mji wa Urban Dead, na ni kanuni ipi tusiiache.

Mlinzi wa Zamu:

Ndugu yangu, kuta muziondoe kwenye hesabu. Katika Urban Dead kilichozuia zombi ni vizuizi ambavyo wachezaji wenyewe walivirundika mlangoni, kwa hiyo makumbusho, shule na benki vyote vingeweza kuimarishwa kwa kiwango kilekile. Kumbuka pia kwamba mchezaji alikuwa na pointi za vitendo zisizozidi 50, na zilirudi moja kila nusu saa. Zikimwishia, alilala pale pale alipo, na aliyelala barabarani aliamka akiwa maiti inayotembea. Hitaji la kwanza la manusura lilikuwa, basi, mahali pa kulala, na silaha zilikuja baadaye.

Hapo ndipo hoja yako ya risasi inapogeuka. Bastola zilitafutwa vituo vya polisi, dawa hospitalini, na maduka makubwa yalikuwa na karibu kila kitu, ndiyo maana umati wa manusura ulijazana humo na makundi ya mazombi yakaufuata. Duka la Caiger lilipata umaarufu kwa sababu ya kuzingirwa, si kwa bidhaa zake. Makumbusho yalikuwa na vitu vya kupamba kuta, navyo havimvutii mtu mwenye njaa ya risasi. Jengo ambalo hakuna anayelitamani ndilo unaloweza kulala humo ukaamka salama, mradi usiwashe jenereta ovyo, kwa kuwa taa zilionekana kutoka nje. Kwenye mchezo wenu, Kariakoo ndiyo itakayozingirwa. Makumbusho yaacheni yawe maskini.

Fundi wa Mageti:

Nakubaliana na Mlinzi wa Zamu kuhusu umaskini wa jengo, ila amepita haraka kwenye jambo lililoua watu wengi kuliko mazombi wenyewe, yaani ngazi, au viwango, vya uimara wa vizuizi. Jengo lililofungwa hadi ngazi ambayo Waingereza waliita «very strongly», yaani imara sana, bado liliingilika kutoka barabarani, lakini likizidi hapo, manusura hakuweza kuingia isipokuwa awe na ujuzi wa kuruka kutoka jengo jirani. Mchezaji mgeni hana ujuzi huo. Anafika mlangoni amebakiwa na pointi mbili, anakuta wenyeji wamefunga kwa bidii kupita kiasi, naye analala nje. Ndiyo maana wenye busara walipanga kila mtaa uwe na majengo machache yaliyoachwa kwenye ngazi ya kuingilika, na mengine yafungwe kabisa.

Sasa tazameni ramani ya kweli. Makumbusho ya Taifa yapo karibu na Bustani ya Mimea, na bustanini hakuna jengo la kurukia, lakini jirani kuna Chuo cha Usimamizi wa Fedha. Nionavyo mimi, chuo kiwe mlango wa wageni na makumbusho yafungwe juu ya ngazi hiyo, ili anayetaka kulala humo alazimike kupitia chuoni. Mkifanya hivyo, wachezaji watalazimika kulinda majengo mawili, na ugomvi wa nani alinde lipi utawachezesha zaidi kuliko ukuta wowote.

Mkazi wa Upanga:

Nashukuruni sana. Limebaki moja: wenzangu wanataka wachezaji waweze kutumia vitu vya maonyesho kama vizuizi, kwa mfano kuliburuta gari la Rolls-Royce la Mwalimu Nyerere hadi getini. Mimi nasita.

Msomaji wa Posta:

Usisite, lipe gharama. Jumba hilo lilifunguliwa mwaka 1940, na kati ya hazina zinazohusishwa nalo ni fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, ambalo Mary Leakey alilipata Olduvai mwaka 1959. Mchezaji akiliburuta gari getini, apate kizuizi kizito kwa mara moja, kisha gari lisirudi kamwe, hata baada ya ukarabati. Katika Urban Dead, jengo lililotelekezwa liliweza kuporwa na kuharibiwa na mazombi, na halikuweza kuwekewa vizuizi tena hadi mwenye ujuzi wa ujenzi na sanduku la zana alitengeneze, kazi iliyozidi kuwa ghali kadiri jengo lilivyokaa gofu. Ichukueni kanuni hiyo kama ilivyo kwa jengo, lakini maonyesho yasitengenezeke. Fuvu mimi ningelifungia kabatini, lisiwe na matumizi yoyote ya vita, nione ni wachezaji wangapi watabaki kulilinda.