Mrejesho: Mawazo ya usiku na kukosa usingizi

Wakuu, habari zenu. Niliuliza hapa nifanyeje, maana nikipanda tu kitandani mawazo yananijaa, nakesha hadi alfajiri. Asanteni sana wote mlionijibu.

Kilichosaidia zaidi ni kuamka saa ileile, 12 asubuhi, hata Jumapili, hata kama usiku ulikuwa mbaya. Usingizi usipokuja ndani ya dakika 20 hivi, toka kitandani, kaa kwenye kiti kwa taa hafifu, urudi ukisinzia. Siku za mwanzo ni mateso na hapo ndipo wengi huacha. Lakini uchovu huohuo ndio unaoleta usingizi usiku unaofuata. Ukiumalizia kwa kulala mchana, unaanza upya.

La pili ni daftari. Saa 1 jioni, dakika 15: kushoto andika linalokusumbua, kulia hatua moja ya kesho. "Kodi ya nyumba", halafu "kumpigia mwenye nyumba saa 4". Lisilo na hatua, andika "hakuna" na uliache hapo. Kahawa na chai mwisho saa 8 mchana.

Mazoezi ya kupumua peke yake hayajanisaidia. Na ratiba ikilegea wikiendi, kukesha kunarudi, kwa hiyo sijapona kabisa, naendelea.

Dada uliyesisitiza hospitali, ubarikiwe. Wengine mjue: huzuni ikidumu wiki 2 mfululizo, au ukiwaza kujidhuru, nenda ukamwone daktari mara moja, daftari halitoshi.