Mrejesho: vile vibao vya LEGO vilivyokuwa vinaachana

Wadau, habari za jioni kutoka Tanga. Mwezi uliopita niliomba ushauri kuhusu vibao vinne vya chini vya LEGO (yale matofali ya plastiki ya kuchezea) vya mwanangu, vile vyenye vinundu 32 kwa 32 vya kupachikia matofali. Anavipanga pamoja ajenge bandari yetu, tukiihamisha tu inaachana katikati.

Nawashukuru sana mlionijibu. Nilitaka kuvipachika juu ya vibao vingine, kumbe haviumani: chini ni tambarare, havina mirija ya kushika vinundu. Aliyesema nitafute plaiwudi nivigandishe juu yake kwa gundi, Mungu ambariki. Fundi seremala wa Ngamiani alinikatia kipande cha sentimita 52 kila upande, akapiga msasa kingo zote. Vibao vinne vinachukua kama sentimita 51.

Sasa hapa ndipo penye kazi. Kabla gundi haijashika, pachika matofali marefu yanayovuka kila kiungo, vinundu viwili huku, viwili kule. Usibane vibao kwa mkono. Matofali yenyewe ndiyo yanayopima nafasi. Kibao kikikaa upande kidogo na gundi ikakauka, matofali hayaingii tena pale. Mimi sikuyatoa mpaka kesho yake asubuhi. Umebaki upenyo mwembamba kama unywele, na ndivyo inavyotakiwa.

Jana tumeibeba bandari nzima, kreni na jahazi lake, toka sebuleni hadi barazani kwa bibi yake. Halikudondoka hata tofali moja. Mtoto kailalia pembeni, mkono juu ya gati.