Mashine iko, kitanda kiko, muuguzi yuko, lakini mama karudishwa nyumbani kwa sababu ya KIDOLE!

Jamani, nimekasirika na asiniambie mtu nitulie.

Mama yangu ni mgonjwa wa figo. Husafishwa damu kwa mashine (dialisisi) mara mbili kwa wiki katika hospitali ya kaunti yetu, ambayo sitaitaja kwa sababu bado tunaihitaji. Leo tumefika, kitanda chake kimetandikwa, mashine imeshaandaliwa. Karani wa SHA, bima ya afya ya taifa hapa Kenya, akamwambia aweke kidole kwenye kile kifaa cha kusoma alama za vidole. Hakisomeki. Akapanguswa kwa spiriti, akaweka tena. Kidole gumba, cha shahada, mkono wa pili. Hakuna kitu. Mama amechuma majani chai tangu ujana wake. Ncha za vidole vyake zimelika, hazina alama tena. Tukiwa bado tunahangaika, karani akatangaza: "Sistimu iko chini, rudini kesho."

Kesho! Mtu ambaye figo zake zimekufa haambiwi kesho. Maji hayana pa kutokea, yanajaa mapafuni. Potasiamu inarundikana kwenye damu, na hiyo inaweza kuusimamisha moyo. Mama amelala ameketi tangu jana, akijilaza hawezi kupumua. Ukiubonyeza mguu wake, kidole kinaacha shimo. Karani aliyaona yote haya. Muuguzi akamsihi, jibu likawa kwamba bila idhini ya sistimu hospitali haitalipwa. Kama tuna haraka, tulipe taslimu. Kila awamu ni shilingi 10,650 kwa viwango vya SHA. Nizitoe wapi?

Na michango tumelipa! Sisi hatuna mshahara wa kukatwa asilimia 2.75 kila mwezi. Sisi watu wa jua kali tuliulizwa nyumba ina paa gani na tunapikia nini ili wakadirie mchango wetu, kisha tukatakiwa kutoa pesa za mwaka mzima kwa mpigo. Tuliuza ndama.

Najua kuna atakayekuja hapa kuniambia kwamba alama za vidole zinazuia wizi. Ni kweli wizi ulikuwepo, hospitali zilidai malipo ya wagonjwa hewa, na mimi pia nataka wezi washikwe. Hata rekodi za kielektroniki nazitaka, daktari wa Eldoret aone vipimo vilivyofanywa Kisumu bila kumtoboa mgonjwa upya. Lakini mama si mgonjwa hewa. Ana fistula mkononi, yaani mishipa iliyounganishwa kwa upasuaji ili asafishwe damu, ukiigusa unasikia damu ikitetemeka chini ya ngozi. Wauguzi wote wa kitengo kile wanamjua kwa jina. Kitambulisho chake cha taifa anacho mkobani. Unataka ushahidi gani zaidi?

Mwaka 2025 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Nancy Gathungu, alieleza kwamba sistimu hii ya afya ni ya shilingi bilioni 104.8 na kwamba umiliki wake hauko mikononi mwa serikali. Someni tena hiyo. Mabilioni yote hayo, na hakuna aliyefikiria mgonjwa afanyiweje mtandao ukipotea?

Ninachotaka ni kitu kidogo sana. Wagonjwa wa dialisisi wanajulikana, ratiba zao zimebandikwa ukutani. Sistimu ikizimika au kidole kikikataa, mgonjwa alazwe kwenye mashine, jina na nambari ya kitambulisho viandikwe kwenye daftari, muuguzi atie sahihi, karani aingize baadaye. Wa saratani aliyekuja kupata dawa yake, vivyo hivyo. Wizara itoe agizo hilo kwa maandishi, libandikwe kwenye kila kaunta, ili karani asiogope kwamba hospitali itakosa malipo kwa kumhudumia mtu.

Kama hospitali ya kaunti yenu tayari inafanya hivyo, tafadhali semeni ni kaunti gani na fomu wanayotumia inaitwaje. Kesho asubuhi naingia ofisini kwa msimamizi wa hospitali yetu na sitaki kwenda mikono mitupu.