Mlezi anataka mpwa wake awe kwenye orodha ya timu, fundi wa maabara asiwepo. Nifanyeje?

Zabibu_Chachu:
Mbukwenyi wadau. Naombeni ushauri, na mnivumilie uzi ni mrefu.

Nipo mwaka wa tatu, chuo kimoja hapa Dodoma. Ni kiongozi wa timu ya wanafunzi tunaojiandaa na iGEM. Kwa msioijua, ni mashindano ya baiolojia sintetiki, yaani kuwapa viumbe hai jeni mpya wafanye kazi mpya. Yalianza kama kozi fupi pale chuo cha MIT, Marekani, Januari 2003, mwaka uliofuata zikashindana timu tano tu, siku hizi fainali ni Paris. Sisi tunampachika bakteria jeni ili ang'ae akikutana na sumukuvu ya mahindi. Mtu wa huku hana haja ya kuelezwa kwa nini. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara.

Sasa inatakiwa orodha: wanafunzi ni akina nani, walezi ni akina nani. Nina majina 12. Wanne wameingia mitini tangu Pasaka, nawaona kwenye grupu wakituma emoji za moto. Hao nitapambana nao. Kinachonitoa usingizi ni mlezi wetu. Kanipa jina la mpwa wake, anasoma Dar, pipeti yetu hajawahi kuigusa, eti nimwingize. Na kuhusu fundi sanifu wa maabara, mlezi kasema nisimwandike, "yule analipwa mshahara".

Huyo mama sasa. Tulijaribu kuwaingizia bakteria plasmidi (kipande cha DNA kinachobeba jeni ya kung'aa) mara tatu, tukashindwa mara tatu. Mara mbili sahani za kuoteshea bakteria zilikuwa tupu. Mara ya tatu zikaota zote, hadi ile ambayo haikutakiwa kuota kitu. Mama akatutazama weee, Jumamosi akaja na kinu chake cha nyumbani. Akasema barafu yenu ni mapande, vichupa vinaelea juu, seli hazipoi. Akaitwanga ikawa laini kama chumvi, akachomeka vichupa mpaka shingoni. Nusu saa. Kisha nyuzi 42, sekunde 45 kwa saa ya simu, vikarudi kwenye barafu. Na ampisilini, dawa ya kuua bakteria wasiopokea plasmidi, tulikuwa tunaitia kwenye agari (uji wa kuoteshea) ikiwa bado ya moto sana, dawa inakufa. Kanuni yake: "Chupa ikikuunguza mkono, dawa usitie." Jumapili tukakuta madoa 13 ya bakteria, chini ya taa yanang'aa kijani. Nililia, sioni aibu kusema.

Nikimkatalia mlezi, ndiye anayesaini fomu zetu zote. Nifanyeje?

Mkulima_Ghorofani:
Mpwa! Yaani hata huko mpwa kafika. Weka jina maisha yaende, Dar ni mbali, nani atajua?

Niliwahi_Kushiriki:
Watajua, mkuu. Nilikuwa kwenye timu, nawajua majaji wa pale. Kuna ukurasa wa lazima wa kueleza nani kafanya nini, usipoujaza hata medali ya shaba huipati. Halafu siku ya majaji wanauliza: hii sehemu nani kaifanya? Mpwa atajibu nini?

Dada, huo ukurasa ndio ngao yako. Usiende kwa mlezi kusema "sikubali". Nenda na jedwali: jina, kazi, tarehe kutoka daftari la maabara. Mwambie, "Mwalimu, nisaidie kujaza mstari wa huyu kijana." Akikosa cha kujaza, atamwondoa mwenyewe. Na hapo mshahara hauulizwi, inaulizwa kazi. Hata mtu wa nje ya timu aliyekusaidia anatajwa. Kwa hiyo mama ana pa kukaa hata mlezi akinuna.

Babu_wa_Area_C:
Mjukuu wangu, nimefundisha miaka mingi. Huyo mlezi usimwaibishe mbele ya wenzako, mfuate ofisini, mlango ukiwa wazi. Ila wale wanne umewapita haraka mno. Uliwauliza kwa nini wameacha? Pengine mmoja hana nauli, pengine mmoja anauza chipsi jioni alipe ada. Kabla ya kukata jina la mtu, mpigie simu.

Gunia_la_Kibaigwa:
Mimi nafanya biashara ya mahindi. Hao bakteria wenu mnataka kuja kuwamwaga sokoni kwetu? Majaribio ya mahindi ya GMO, yaliyobadilishwa jeni, pale Makutupora hapa Dodoma serikali iliyasimamisha 2018, nyie mnaanza tena?

Zabibu_Chachu:
Hapana kaka, hawatoki maabara. iGEM yenyewe inakataza kuwatoa nje. Ni kionyeshi tu, unga unaletwa kwao, wao hawaendi kwenye unga.

Gunia_la_Kibaigwa:
Haya. Mkimaliza njooni mchukue sampuli, karanga pia zina hiyo shida.

Zabibu_Chachu:
Mrejesho, wadau. Babu, niliwapigia wote wanne. Wawili hawakupokea. Mmoja kasema tumtoe. Wa nne yuko kwao Mpwapwa anamuuguza mama yake, na kumbe nusu ya tovuti yetu kaiandika yeye usiku kwa simu. Nilikuwa namkata. Anabaki.

Mlezi nilimpelekea jedwali. Alilitazama muda mrefu pale kwenye mstari wa mpwa, kisha akasema "huyu tumwache, ana mitihani". Mama wa maabara tumemwandika mshauri, na kazi zake zote kwenye ule ukurasa. Mlezi kasaini, hakusema kitu.

Nilipomwonyesha mama, kasoma, kaniuliza kinu chake kitarudi lini.

Niliwahi_Kushiriki:
Kinu kilichoingia maabara hakirudi jikoni, dada!!

Zabibu_Chachu:
Tumechanga, kesho naenda Sabasaba kumnunulia kipya.