Mahabharata: ninunue tafsiri kamili au iliyofupishwa?

Msomaji wa Usiku
Habari za jioni, wanajukwaa. Nimetenga laki moja na nusu kwa ajili ya Mahabharata, utenzi mrefu wa kale wa India, kwa Kiingereza, nami nimekwama kati ya tafsiri kamili na kitabu kimoja kilichofupishwa. Mliokwisha kuisoma naomba mnieleze ipi ina faida zaidi, kwa kuwa muuzaji ananisubiri hadi Ijumaa.

Fundi Jalada
Ndugu, hivyo ulivyouliza hakuna atakayeweza kukujibu. Hukusema unaisoma mwenyewe au unamnunulia mtoto, hukusema unataka kisa tu au na mafundisho yake, wala hukutaja hiyo tafsiri "kamili" ni ya nani. Shairi lenyewe lina beti zinazokaribia 100,000 katika vitabu 18, na kitabu cha kumi na mbili peke yake, ambamo mzee Bhishma amelala juu ya kitanda cha mishale akimfundisha Yudhishthira, mkubwa wa ndugu watano wa Pandava, wajibu wa mfalme, kimewashinda wasomaji wengi waliokuwa wamevuka vita vyote salama.

Bi Mwanaidi
Mimi nasema achukue ya Rajagopalachari, yule aliyekuwa Gavana Mkuu wa mwisho wa India, iliyotoka mwaka 1951. Sura zake ni fupi, lugha ni nyepesi, na ndugu watano wa Pandava unawajua mmoja mmoja kwa tabia zao kabla hujachoka. Hao wanaojisifu kwa seti za majuzuu, nyingi wamezipanga kabatini tu.

Mzee Kiraka
Naomba mnivumilie, kwa maana mimi niliumia. Miaka kadhaa iliyopita niliagiza tafsiri ya Ganguli, ile ya nathari iliyotolewa Kolkata kati ya mwaka 1883 na 1896, kutoka kwa muuzaji ambaye simtaji. Yalifika majuzuu mazito yaliyochapwa upya kwa karatasi nyembamba kiasi kwamba maandishi ya upande wa pili yalionekana kama safu za sisimizi, nami nikawa nasoma kwa miwani na kioo cha kukuzia juu yake. Nilijikaza miezi mitano hadi nikafika siku ya kumi na saba ya vita vya Kurukshetra, kati ya Pandava na binamu zao, wana wa mfalme kipofu Dhritarashtra. Karna wa upande wa binamu na Arjuna wa Pandava wamekabiliana, gurudumu la gari la Karna limezama ardhini, naye ameshuka kulinyanyua kwa mikono yake huku akimwomba adui yake asubiri kwa kuheshimu desturi za vita. Nikafungua ukurasa unaofuata, nikajikuta nimerudishwa nyuma kabisa, Shalya, mwendesha gari wake, anamsimanga Karna kwa kisa cha kunguru na batabukini! Fungu zima la kurasa 32 lilikuwa limeshonwa mara mbili, na fungu lililopaswa kuwa mahali pale halikuwemo. Muuzaji alinijibu kwamba kitabu kilichokwisha kufunguliwa hakirudishwi. Kifo cha Karna nilikisoma kwenye simu ya mwanangu.

Fundi Jalada
Pole sana, mzee wangu, ila kosa hilo ni la mshonaji wa vitabu, si la Ganguli. Tafsiri yake haina tena hakimiliki, na yote inapatikana bure mtandaoni. Mwenye uwezo anunue ya Bibek Debroy, majuzuu 10 yaliyotoka kati ya mwaka 2010 na 2014, kwa sababu inafuata toleo la Taasisi ya Bhandarkar ya Pune, ambako wataalamu walilinganisha miswada ipatayo 1,259 katika kazi iliyoanza mwaka 1919 na kukamilika mwaka 1966.

Bi Mwanaidi
Toleo hilohilo lililomtoa mungu Ganesha kwenye matini! Mimi nimekua nikijua kwamba Vyasa alitunga na Ganesha akaandika, na kwamba waliwekeana sharti, huyu asisite kutunga na yule asiandike asichokielewa. Leo naambiwa kisa hicho kimepelekwa kwenye kiambatisho. Faida ya usahihi wa namna hiyo siioni.

Shamba la Bibi
Kwa nini mnamtesa mwenzetu? Achukue Ramayana ya Valmiki, utenzi mwingine wa kale wa India, yenye beti karibu 24,000 tu. Kuna Rama aliyefukuzwa miaka 14, kuna Sita mkewe, kuna Ravana mwenye vichwa kumi, kuna Hanuman aliyeruka bahari hadi Lanka, na kuna ule mstari ambao Lakshmana aliuchora kumzunguka Sita.

Fundi Jalada
Huo mstari kwa Valmiki haumo. Ni wa masimulizi ya baadaye. Na aliyeuliza hakuuliza Ramayana.

Msomaji wa Usiku
Nakiri nilifupisha mno. Mimi ni mwalimu, na wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wanaandaa mchezo wa jukwaani kuhusu tukio la dadu, pale Yudhishthira anapopoteza kila kitu. Utakuwa wa dakika arobaini.

Fundi Jalada
Mwalimu, hilo ungelisema tangu mwanzo! Wewe unahitaji kitabu cha pili tu, Sabha Parva, na hapo vifupisho havitakufaa. Yudhishthira anaweka rehani mali, kisha ufalme, kisha wadogo zake mmoja baada ya mwingine akianza na Nakula, kisha nafsi yake, na mwisho Draupadi, mke wao wote watano, huku Shakuni akirusha kwa niaba ya mpwa wake Duryodhana, mkubwa wa wana wa Dhritarashtra, na kusema neno moja tu kila mara: nimeshinda. Mjumbe anapotumwa kumleta Draupadi, bibi huyo hainuki. Anamrudisha ukumbini akaulize kama mumewe alijipoteza mwenyewe kwanza au alimpoteza yeye kwanza, maana aliyekwisha kuwa mtumwa atamwekaje mwingine rehani? Dushasana, mdogo wa Duryodhana, anamburuta kwa nywele, lakini swali linabaki palepale katikati ya wazee. Bhishma anakwepa kwa kusema kwamba mambo ya dharma, yaani ya haki na wajibu, ni membamba, na katika wana mia wa Dhritarashtra ni Vikarna peke yake anayesimama kumtetea. Mchezo wako ni mjadala huo, na katika vifupisho vingi unamalizwa kwa aya chache.

Bi Mwanaidi
Usisahau kicheko. Duryodhana aliteleza majini katika jumba la Pandava, na Draupadi akamcheka kwa kumwita kipofu mwana wa kipofu. Bila hicho watazamaji hawataielewa chuki yake. Hata tamthilia ya televisheni ya B.R. Chopra ilikionyesha.

Fundi Jalada
Tusi hilo katika toleo la Pune halimo. Wanaotajwa kucheka ni Pandava wanne, Bhima, Arjuna na pacha wawili, pamoja na watumishi. Draupadi anaingizwa baadaye na Duryodhana mwenyewe anapomlalamikia baba yake. Kwa maoni yangu hapo pana utamu zaidi kwa mwigizaji, kwa sababu hatujui kama aliona au alijitungia.

Mzee Kiraka
Huyo Duryodhana ndiye Fumo Liyongo wao. Mwili mzima ulikuwa haupenyeki ila paja, kama Liyongo na kitovu chake.

Fundi Jalada
Mzee, kisa cha mama yake Gandhari kumtazama mwili ukawa chuma nacho ni cha baadaye. Paja lilivunjwa kwa sababu siku ya dadu Duryodhana alimfunulia Draupadi paja lake la kushoto, na Bhima akaapa kulivunja kwa rungu.

Shamba la Bibi
Na pigo la rungu chini ya kitovu lilikuwa haramu, hata Balarama, mwalimu wao wa rungu, alikasirika. Rama wangu asingelifanya hivyo.

Bi Mwanaidi
Rama wako alimpiga Vali, mfalme wa nyani, mshale akiwa amejificha. Tuendelee?

Msomaji wa Usiku
Ijumaa imepita na sijanunua chochote. Nimechapisha Sabha Parva ya Ganguli kutoka mtandaoni, nami nabishana na wanafunzi kuhusu kicheko. Nusu wanakitaka, nusu hawakitaki. Majuzuu ya Debroy bado yananijia akilini, ila fedha niliyonayo haitoshi hata nusu yake.

Mzee Kiraka
Mwalimu, siku ukinunua seti yoyote, kabla hujalipa fungua Karna Parva, kitabu cha Karna, uhesabu kurasa.