Ushauri: hesabu za antena zanitoa jasho, mwalimu ataka majibu Jumatatu

TuktukLikoni: Salaam aleikum. Nina mradi wa chuo: mnara mmoja, antena kadhaa, wahudumia simu nyingi kwa wakati mmoja. Mawimbi hupangwa kabla ya kurushwa ili ya huyu yasimwingilie yule, na hapo lazima utafute kinyume cha matriksi, yaani jedwali la namba. Nzito! Nikaweka mfululizo wa Neumann, unaokadiria kinyume hicho kwa kujumlisha hatua kwa hatua, kazi iwe nyepesi. Majibu takataka. Ninunue laptopu nyingine?

BabuMajengo: Zama zetu antena ilikuwa sufuria juu ya mlingoti, na mpira tuliuona.

BintiKisauni: Usinunue ya mtumba. Yangu ilizima wiki ya pili. Aliyeniuzia hadi leo akiniona huvuka barabara.

FundiMnara: Laptopu haina kosa. Antena ngapi, simu ngapi?

TuktukLikoni: Za kutosha tu.

FundiMnara: Shekhe, "za kutosha" si namba.

TuktukLikoni: Antena 32, simu 24. Lakini msinambie nipunguze simu. Nimechukua mfano wa feri ya Likoni asubuhi, watu wamebanana. Na mwalimu nishamwandikia kuwa Neumann yafanya kazi.

UstadhKibokoni: Umemwandikia kabla hujajaribu? Hiyo si hesabu tena, ni amana.

FundiMnara: Ndiyo maana ulificha. Neumann hutulia antena zikiwa nyingi mno kuliko simu, tuseme mara sita. Zako hazifiki hata mara moja na nusu, kwa hivyo kila ukiongeza hatua, kosa lazidi. Tena ukifika hatua ya tatu, gharama ya hesabu yarudi kule kule, idadi ya simu kipeo cha tatu. Umekimbia nini? Na hao wa feri, wakisimama bega kwa bega, chaneli zao, yaani njia za mawimbi yao, zafanana, matriksi yawa mbovu zaidi.

TuktukLikoni: Marzetta, yule mtafiti wa antena nyingi, 2010 si alisema antena zikizidi mambo huwa rahisi?

FundiMnara: Zikizidi. Zako hazikuzidi. Tumia Cholesky, njia ya kugawa matriksi kuwa pembetatu mbili, usitafute kinyume chenyewe. Ongeza namba ndogo kwenye ulalo wa matriksi, ule mstari wa mshazari. Au wahudumie 12, kisha 12: gharama ya 24 kipeo cha tatu ni 13,824, makundi mawili ya 12 ni 3,456. Ila kila mmoja atangoja zamu.

Kachumbari: Ngojeni. Huyu si yule wa mwezi jana, aliyesema kaacha chuo anunue tuktuk? Hadithi hizi!

BabuMajengo: Nami nilishuku. Nani ahesabu matriksi akiwa kwenye feri?

TuktukLikoni: Nilisema NITAACHA. Tuktuk ndiyo yalipa karo. Daftari liko chini ya kiti, ukurasa wa Neumann una doa la mafuta ya viazi karai. Nikupigie picha?

Kachumbari: Doa hata mimi ninalo.

TuktukLikoni: Fundi, nimejaribu Cholesky. Kosa limeshuka. Sasa mwalimu nimwambieje?

UstadhKibokoni: Ukweli.

BintiKisauni: Hiyo tuktuk ni ya petroli au ya gesi?