Mimea ya kutandaa: ya Alps, portulaka au Arachis? (Tabora na Kigoma)

Miembe_Tabora: Wadau, habari za jioni. Mbele ya nyumba nimepanga mawe juu ya mchanga wetu huu wa Tabora. Nataka mimea mifupi inayotandaa kama mkeka, yenye maua. Zimenivutia za milima ya Alps kule Ulaya, kama saxifraga na Silene acaulis, na mbegu zinaagizika. Mnanishauri hizo au za hapahapa? Jua ni kali, na kiangazi maji ya bomba hayana uhakika.

Mteremkoni_Kgm: Mkuu, za Alps achana nazo. Zimejikunyata chini kwa sababu ya upepo na theluji, na nyingi hazichanui vizuri bila kupitia miezi ya baridi kali. Tabora iko kama mita 1,200 tu. Hata mimea yetu ya Kilimanjaro, kule juu ya mita 4,000 ambako usiku maji huganda, ukiishusha hapo haitadumu.

Mimi huku Kigoma natetea Arachis pintoi, ndugu yake karanga, maua ya njano. Kila pingili inayogusa ardhi inatoa mizizi, kwa hiyo mvua haibebi udongo wa mteremko wangu. Tena ni jamii ya mikunde, inajitengenezea mbolea ya naitrojeni.

Bi_Ujiji: Mwanangu, Arachis ni nzuri, ila kwenye mchanga usio na maji itanyauka ifikapo Agosti. Huyo wa Tabora apande portulaka. Vijani vyake vinene vinatunza maji. Kata kishina urefu wa kidole, ondoa majani ya chini, kiache kivulini hadi jeraha likauke, ndipo uchomeke. Usimwagilie tena mpaka mchanga ukauke. Kasoro yake ni kwamba ikizeeka katikati inabaki vijiti vitupu, hapo unakata ncha na kupanda upya. Na jua likipungua maua yanafumba.

Miembe_Tabora: Shikamoo mama, nashukuru sana. Na upande wa chini ya mwembe?

Ipuli_Kijani: Hapo portulaka haitachanua, kaka. Weka nyasi za Pemba, zinavumilia kivuli. Maua hutapata, lakini ardhi itafunikwa vizuri. Kuna watakaokushauri wedelia, ule mmea wa kutambaa wenye maua ya njano. Ni kweli inafunika haraka, ila IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, imeiweka kwenye orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani.

Mteremkoni_Kgm: Naunga mkono kwa nguvu zote. Kipande kimoja kikitupwa mtaroni kinaota. Sisi tulio kando ya ziwa tusiipande kabisa.

Miembe_Tabora: Basi portulaka kwenye mawe, nyasi za Pemba chini ya mwembe. Mama, vipando vinaweza kuja kwa treni?

Bi_Ujiji: Marahaba. Vinafika bila shida. Nitavifunga kwenye gazeti kavu, maana kwenye plastiki vinaoza. Rangi nilizonazo ni nyekundu na ya chungwa, chagua.

Miembe_Tabora: Zote mbili, mama.